Mshale Si Hoja

Msomaji kijana, katika madarasa mengi ya kemia kuna picha moja inayorudiwa mwaka baada ya mwaka. Jedwali la elementi huchorwa ubaoni, kisha mishale miwili huchorwa juu yake. Mmoja watoka kushoto kwenda kulia. Wa pili watoka chini kwenda juu. Kando yake huandikwa maneno machache: afiniti ya elektroni huongezeka kuelekea huku. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Siku ya mtihani mishale ile hutolewa ghalani, hupanguswa vumbi na kuwekwa katika karatasi, na alama hupatikana.

Nataka kusema kwamba somo hilo halijakwisha; kwa hakika halijaanza. Mshale ni alama ya njia, si hoja. Waonyesha upande, wala hausemi sababu. Na mtu aliyepewa upande bila ya sababu hufanana na nahodha anayefuata nyota ya mwenziwe: maadamu bahari ni ile ile atafika, lakini siku upepo ukibadilika atapotea pamoja na abiria wake. Nitalithibitisha neno hili kwa vitu ambavyo kijana wa Migori au wa Homa Bay hana haja ya kusafiri kuvitafuta: maji ya ziwa, magadi, hewa, dhahabu na zebaki.

Kwanza tuafikiane juu ya maana. Atomi ina kiini chenye protoni, na protoni zina chaji chanya. Kukizunguka kiini hicho kuna elektroni, zenye chaji hasi, nazo zimepangwa katika maganda. Sasa chukua atomi isiyo na chaji, iliyo peke yake katika hali ya gesi, kisha uiongeze elektroni moja. Atomi nyingine huipokea kwa furaha na kutoa nishati. Nyingine huipokea shingo upande. Nyingine hukataa kabisa. Kiasi cha nishati kinachotoka wakati wa kupokea ndicho wakemia wanachokiita afiniti ya elektroni. Hupimwa kwa kilojuli kwa moli moja ya atomi. Klorini hutoa kilojuli 349. Moli moja ya atomi za klorini ni gramu thelathini na tano na nusu tu, lakini nishati hiyo yatosha kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 83 hivi.

Hapa pana jambo dogo ambalo limewaangusha wengi. Vitabu vingine huandika 349, na vingine huandika nambari hiyo hiyo kwa alama ya kutoa mbele yake. Hao hawapingani. Alama ya kutoa ni desturi ya hesabu za joto, yaani nishati imetoka. Katika insha hii nitaandika nambari bila ya alama hiyo, na kubwa itakuwa na maana ya nishati nyingi iliyotoka.

Sasa tuulize lile swali ambalo mshale haujibu: kwa nini atomi moja hupokea na nyingine hukataa? Ifikirie atomi kuwa nyumba, na elektroni mpya kuwa mgeni abishaye hodi. Mambo matatu huamua kama mgeni atakaribishwa. La kwanza ni nguvu ya mwenyeji, yaani wingi wa protoni katika kiini. La pili ni umbali wa kiti atakachopewa mgeni, kwa kuwa aliye karibu na kiini huvutwa zaidi kuliko aliye mbali. La tatu ni msongamano wa waliomo ndani, kwa maana elektroni zote zina chaji hasi, nazo husukumana; na pamoja na hilo, kama kuna kiti kitupu katika chumba kilichokwisha kufunguliwa, au kama mgeni hana budi kufunguliwa chumba kipya kilicho nje zaidi. Nguvu, umbali, nafasi: shika maneno haya matatu, nawe umeshika somo zima.

Mshale wa kulia watokana na neno la kwanza. Kadiri tuendavyo kulia katika safu moja, protoni huongezeka na atomi hupungua ukubwa, basi mvuto juu ya mgeni huzidi. Mshale wa juu watokana na neno la pili. Kadiri tupandavyo katika nguzo moja, maganda hupungua na kiti cha mgeni huwa karibu na kiini. Kwa hiyo sisemi kwamba mishale ni uongo. Nasema ni theluthi mbili za ukweli, na theluthi iliyoachwa ndiyo yenye kufundisha.

Tazama safu ya tatu ya jedwali, kama ilivyopimwa. Sodiamu hutoa kilojuli 53. Magnesiamu, jirani wa kulia, haipokei. Alumini hutoa 42, silikoni 134, fosforasi 72, salfa 200, klorini 349, kisha agoni haipokei. Nakuuliza, msomaji: huo ni mshale, au ni ngazi iliyovunjika vidato? Mwenye kuchora mshale ulionyooka juu ya nambari hizo amezifunika, hakuzieleza. Lakini mwenye maneno yetu matatu hasumbuki. Magnesiamu imekwisha kuzijaza nafasi za chumba chake cha mwanzo, na mgeni hana budi kufunguliwa chumba kingine. Kwa hiyo hukataliwa. Katika fosforasi vipo vyumba vitatu vilivyo sawa, na kila kimoja kina mkaaji mmoja. Mgeni yampasa kushirikiana chumba na mwingine na kusukumana naye, basi hukaribishwa kwa ubaridi. Agoni imejaa pande zote. Vidato vilivyovunjika vina sababu, na sababu ni ile ile iliyovijenga vidato vizima.

Sasa ujaribu mshale wa juu. Wadai kwamba elementi iliyo juu kabisa katika nguzo yake ndiyo yenye afiniti kubwa. Twende katika nguzo tano za kulia, kabla ya gesi zisizochangamana. Boroni 27, alumini iliyo chini yake 42. Kaboni 122, silikoni 134. Naitrojeni haipokei, fosforasi 72. Oksijeni 141, salfa 200. Florini 328, klorini 349. Katika nguzo zote tano, hatua ya kwanza kabisa inakwenda kinyume cha mshale. Si nguzo moja kati ya tano. Ni tano kati ya tano. Mlinzi anayelala kila usiku wa kwanza wa mwezi haitwi mlinzi mwema mwenye kasoro ndogo. Huitwa na kuulizwa sababu.

Na sababu ipo. Atomi za safu ya pili ni ndogo mno. Florini imewasonga wakaaji saba katika ganda lake la nje, na ganda lenyewe ni finyu. Mgeni yu karibu na kiini, ndiyo, lakini amebanwa na kusukumwa na waliomtangulia. Klorini nayo ina wakaaji saba katika ganda la nje, lakini ganda hilo ni pana zaidi. Umbali wapotezea kidogo. Nafasi yaongezea zaidi. Ukilielewa jambo hili, hutahitaji kuikariri klorini kama mtoro aliyetoroka kanuni. Klorini imetii kanuni. Ni mshale ulioiacha kanuni.

Tena usikimbilie kosa la upande wa pili, ukasema kwamba klorini ina ukali kuliko florini katika kila jambo. Afiniti ni habari ya atomi moja iliyo peke yake katika gesi. Ulimwengu wetu una molekuli, maji na mawe. Florini bado ndiyo kali zaidi, kwa kuwa atomi mbili katika molekuli yake zimeshikana kwa udhaifu na huachana upesi, na ioni yake ndogo hushikwa kwa nguvu na maji au na metali. Nambari moja haitawali nchi nzima. Hilo nalo mshale haukwambii.

Nimesema kwamba vielelezo viko karibu. Karibu na Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Wazee husimulia habari za kijiji kilichozama kwa sababu ya kumnyima ukarimu bibi kizee. Maji yake ni ya chumvi na magadi, na katika magadi hayo mna sodiamu. Sodiamu iliyomo ziwani ni ioni, yaani imekwisha kutoa elektroni yake moja, nasi hufundishwa kwamba metali ni watoaji. Hewa inayovuma juu ya ziwa hilo, sehemu kubwa yake, karibu sehemu nne katika tano, ni naitrojeni. Naitrojeni si metali, iko mbali upande wa kulia, na mshale waiahidi afiniti kubwa. Lakini tukizipima atomi moja moja katika gesi, ile sodiamu tuliyoidharau hupokea elektroni na kutoa kilojuli 53, na ile naitrojeni tuliyoitukuza haipokei. Kijana aliyesimama ukingoni mwa Simbi Nyaima ana chini ya miguu yake na juu ya kichwa chake jibu la kumfanya mshale ukae kimya. Yeye hakuambiwa.

Vivyo hivyo kwa maji ya kunywa. Watu wengi wa pwani za ziwa, katika Homa Bay na Migori, huteka maji ziwani, na kipindupindu kimezuka katika kaunti hizi zaidi ya mara moja. Dawa ya klorini hutiwa majini ili kuua vijidudu. Nguvu yake ni ile tamaa ya klorini ya kupata elektroni: huzinyang'anya elektroni sehemu zilizomjenga kijidudu na kumharibu. Ikiisha kuzipata, huwa kloridi, nayo ni ile ile iliyomo katika chumvi ya jikoni, iliyotulia na isiyoua kijidudu kwa njia hiyo. Mwenye kulifahamu hilo anafahamu pia kwa nini maji machafu yenye matope huhitaji kuchujwa kwanza: uchafu nao huila klorini, ikaishiwa na nguvu kabla ya kufika kwa adui. Huo si ujuzi wa mtihani. Ni ujuzi wa mtungi.

Sasa twende Migori, kwa maana huko ndiko mshale unakoaibika zaidi. Nchi ya Nyatike, kuanzia Macalder, Masara na Osiri, imejulikana kwa dhahabu tangu siku za ukoloni. Mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa dhahabu na shaba, ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo wameendelea kuchimba. Mawe hupondwa na kusagwa, vumbi lake huoshwa kwa maji, na mchanga mzito uliobaki hutiwa katika karai pamoja na zebaki. Zebaki huimeza dhahabu, ikawa donge moja. Donge hilo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha hutiwa motoni. Zebaki huenda hewani, na dhahabu hubaki.

Katika karai lile, msomaji, mna elementi mbili zilizo jirani katika jedwali. Dhahabu ni ya 79, na zebaki ni ya 80. Kiini cha moja kimeizidi nyingine protoni moja tu. Mshale wa kulia wasema kwamba zebaki yapasa kuishinda dhahabu kidogo. Ukweli ni huu: dhahabu hutoa kilojuli 223, na zebaki haipokei kabisa. Hatua moja ya kulia, na tumeanguka kutoka kilele hadi shimoni.

Na mshale wa juu? Tazama nguzo ya dhahabu. Shaba 119, fedha 126, dhahabu 223. Afiniti inapanda kadiri tushukavyo. Dhahabu, ambayo kila mtu huiita metali, yaishinda oksijeni, nayo yaishinda salfa pia. Miongoni mwa elementi zilizopimwa hakuna iizidiyo isipokuwa zile za nguzo ya klorini. Hata wakemia wameweza kuichanganya dhahabu na sesiamu, metali iliyo tayari sana kutoa, wakapata kitu kisichokuwa metali tena, ambamo dhahabu imebeba chaji hasi kama klorini ilivyobeba katika chumvi.

Sababu ni ipi? Kiini chenye protoni 79 kina mvuto mkubwa hata elektroni zilizo ndani kabisa hukimbia kwa mwendo unaozidi nusu ya mwendo wa nuru. Albert Einstein alionyesha mwaka 1905 kwamba vitu vyenye mwendo wa namna hiyo havifuati hesabu za kawaida. Matokeo yake katika atomi nzito ni kwamba baadhi ya vyumba, hata kile cha nje kabisa, husogezwa karibu na kiini. Katika chumba hicho dhahabu ina elektroni moja, na nafasi ya pili ni tupu. Kiti kitupu kilichovutwa karibu na moto: ni mgeni gani asiyekitaka? Zebaki ina elektroni mbili katika chumba hicho hicho. Kimejaa. Mgeni akija hana pa kukaa ila nje, kwenye baridi, basi hurudi alikotoka. Nguvu, umbali, nafasi. Maneno matatu yale yale.

Sikiliza sasa yanayofuata, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inapoacha kuwa ya ubaoni. Ile ile tabia ya atomi ya zebaki, kukishika kwa nguvu kilicho chake na kutotaka kingine, huifanya isishikamane sana na atomi nyingine za zebaki. Kwa hiyo metali hiyo ni majimaji katika joto la kawaida. Haigandi mpaka nyuzi 39 chini ya sifuri. Na kwa kuwa atomi zake hazikushikana sana, baadhi yake huruka hewani hata bila ya moto. Juu ya moto huruka zote. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, hutoka huko kwenda katika damu na ubongo, huleta mtetemeko wa mikono na kupotewa na kumbukumbu, na kwa mama mja mzito humdhuru mtoto aliye tumboni.

Si hivyo tu. Zebaki inayomwagika katika matope huweza kuchukuliwa na maji. Mito ya Migori na Kuja huungana na kumimina maji yake katika Ziwa Victoria. Katika matope ya chini ya maji, vijidudu huweza kuigeuza zebaki kuwa sumu mbaya zaidi, inayoingia katika viumbe vidogo, kisha katika samaki wadogo, kisha kwa wingi zaidi katika samaki wanaokula wenzao, kama mbuta. Ulimwengu ulijifunza somo hili kwa machozi huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na samaki wenye zebaki ulitangazwa mwaka 1956. Ziwa halina ukuta kati ya Migori na Homa Bay. Kinachomwagwa na mchimbaji wa kaunti moja chaweza kuwa haja ya kuhofiwa na mvuvi wa kaunti ya pili.

Mataifa yameafikiana juu ya mkataba uitwao kwa jina la mji huo wa Minamata. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoutia sahihi mwaka 2013, nao ukaanza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo huzitaka nchi zenye wachimbaji wadogo wa dhahabu kupunguza matumizi ya zebaki, na pale inapowezekana kuyakomesha. Lakini mkataba hauwezi kuketi kando ya karai. Anayeketi kando ya karai ni mtu, na mara nyingi ni kijana aliyepitia shule ya jirani, akafundishwa jedwali lile lile, akachora mishale ile ile. Ikiwa aliondoka na mishale tu, ameondoka na nini? Anajua kwamba kitu fulani huongezeka kuelekea kulia. Hajui kwa nini kile king'aacho kiganjani mwake huruka, wala kwa nini yapasa kukipashia moto katika chombo kilichofunikwa chenye bomba la kupoozea, ili mvuke urudi kuwa majimaji badala ya kuingia kifuani. Tulimpa alama, tukamnyima silaha.

Najua majibu nitakayopewa. Nitaambiwa kwanza kwamba mtihani huuliza mwelekeo, hauulizi sababu. Nami najibu: mwenye sababu ataupata mwelekeo bila ya gharama, lakini mwenye mwelekeo hataipata sababu kwa kuukodolea macho. Na siku mtahini atakapouliza kwa nini klorini imeishinda florini, aliyekariri atabaki akiitazama dari. Hata kwa kipimo chao wenyewe, biashara ya kukariri ni ya hasara.

Nitaambiwa pili kwamba mambo yanayokwenda kinyume yatawachanganya wanafunzi. Hili ni neno la kumdharau kijana. Kijana huyo hujua kwamba mvua za masika huchelewa miaka mingine, na kwamba omena hupungua siku za mbalamwezi. Naye hakuchanganyikiwa, ila ameuliza sababu na kupanga kazi yake. Tena mwenye jedwali lenyewe hakuogopa mambo ya namna hiyo. Dmitri Mendeleev alipolipanga mwaka 1869 alifuata uzito wa atomi, lakini alipofika kwenye teluri na iodini akaona uzito wampeleka kubaya. Iodini ni nyepesi, lakini kwa tabia ni ndugu wa klorini na bromini. Akaiweka kwa ndugu zake, akauacha mshale wa uzito ulalamike. Sababu ikajulikana mwaka 1913, Henry Moseley alipoonyesha kwamba mpango wa kweli ni wa chaji ya kiini, si wa uzito. Kama Mendeleev angalikuwa mtumwa wa mshale, tusingalikuwa na jedwali la kukariri.

Nitaambiwa tatu kwamba shule zetu hazina vyombo. Ni kweli kwamba kuipima afiniti ya elektroni kwahitaji taa za leza na mitambo ya thamani. Lakini nambari zimekwisha kupimwa, na kuziandika katika ukurasa mmoja kwahitaji kalamu. Hatuhitaji maabara ili kuuliza kwa nini.

Na nitaambiwa nne, kwa sauti ya chini, kwamba habari za atomi ni za watu wa mbali, na mtoto wa mvuvi na wa mchimbaji zamtosha za kumpatia cheti. Neno hili ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa limevaa nguo za huruma. Pale Mbita, ukingoni mwa ziwa, kuna kituo cha utafiti cha ICIPE, shirika la wadudu lililoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya, Thomas Odhiambo. Kituoni hapo wataalamu walichunguza namna ya kupanda mahindi pamoja na mimea inayowafukuza viwavi na kuizuia kayongo, gugu linyonyalo mahindi. Sayansi haikuja Mbita kama mgeni apitaye. Imejenga na kukaa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na sayansi ya mbali haimponyi mtu aliye kando ya karai.

Simlaumu mwalimu mwenye darasa la watoto wengi na muhtasari mrefu kuliko mwaka. Yeye naye alikabidhiwa mishale. Nailaumu desturi, na desturi huvunjwa na wale wanaokataa kuirithi. Kwa hiyo neno la mwisho ni lako, msomaji.

Ukionyeshwa mshale, uombe nambari. Ziandike katika jedwali lako kwa mkono wako, elementi kwa elementi, pamoja na zile zisizopokea. Popote nambari inapoupinga mshale, usiisamehe kwa kuiita kasoro, bali simama uulize mambo matatu: kiini kina nguvu gani, kiti ki mbali kiasi gani, na nafasi ipo au haipo. Ukishindwa, muulize mwalimu. Naye akishindwa, tafuteni pamoja, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kisha toka nje ya darasa na ujaribu maswali yale yale juu ya chumvi, magadi, maji ya mtungi na chembe ya dhahabu.

Utaona ya kwamba jedwali la elementi si ukuta wa kuchorwa mishale, bali ni ramani ya nchi unayoikanyaga. Na mwenye kuijua nchi yake kwa sababu zake hapotezwi na mshale wa mtu yeyote, uwe wa ubaoni, uwe wa sokoni, uwe wa siasa.